Mikono Iliyozoea Matofali

Somo letu la leo lahusu kazi ya mchezaji mmoja wa Marekani, Bwana Jerry Rice. Sikilizeni kwanza, kisha msome maneno haya polepole pamoja na mwalimu wenu.

Tuufahamu kwanza mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani si huu wa miguu tuujuao. Mpira wao una ncha mbili, mfano wa papai dogo, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Toka mstari wa goli hata mstari wa goli la pili ni yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huwa wa wenzao.

Katika timu yuko mdakaji. Kazi yake ni kukimbia kwa njia iliyopangwa tangu mwanzo, kisha kugeuka na kuudaka mpira. Mara nyingi mrushaji huutupa kabla mdakaji hajageuka. Akikosea hatua moja tu, mpira huanguka mahali pasipo mtu. Kwa hiyo mdakaji hana budi kujifunza kitabu kizima cha mipango. Miguu peke yake haitoshi.

Bwana Rice alizaliwa mwaka 1962 katika jimbo la Mississippi, akakulia Crawford. Baba yake alikuwa mwashi, na watoto walimsaidia kazi. Ndugu yake alimrushia matofali, naye Jerry akayadaka juu ya jukwaa. Tofali halina huruma. Ukilidaka vibaya, vidole huumia. Mikono yake ilifunzwa hapo, wala hakujua inafunzwa.

Siku moja shuleni kiongozi mmoja alimkuta akitoroka masomo. Kijana akatimua mbio. Kiongozi yule alipoiona kasi ile, aliona yafaa apelekwe kwenye timu ya mpira. Baadaye aliingia chuo cha Mississippi Valley State.

Mwaka 1985 alichukuliwa na timu ya San Francisco 49ers. Je, alisifiwa mara moja? La. Mwaka ule wa kwanza aliangusha mipira mingi, na watazamaji wake mwenyewe wakamzomea. Mikono ilikuwa ile ile ya matofali, lakini kichwa kilikuwa na mipango mingi mipya. Hakuacha. Desemba ya mwaka ule ule, katika mchezo mmoja, alipata yadi 241.

Timu yake ilishinda fainali kuu ya Marekani mara tatu akiwamo: mwaka 1989, 1990 na 1995. Ile ya 1989 alichaguliwa kuwa mchezaji bora.

Sikilizeni na habari ya hasara. Mwaka 1997, katika mchezo wa kwanza wa msimu, aliumia vibaya goti. Desemba akarudi kiwanjani. Siku ile ile alidaka mpira, akaanguka, na kifupa cha goti kikapasuka. Bidii ni njema, lakini kidonda hakipokei amri. Safari hii alingoja kupona, na mwaka 1998 alicheza michezo yote 16.

Mwaka 2002 alitimiza miaka 40. Wadakaji wengi huwa wamekwisha acha mchezo wafikapo umri huo. Yeye, akiwa na timu ya Oakland Raiders, alidaka mipira 92 msimu ule. Alistaafu mwaka 2005, baada ya misimu 20, akiwa amedaka mipira 1,549 na kupata yadi 22,895. Hakuna mdakaji aliyemtangulia aliyefikia hesabu hiyo.

Ndugu zangu, wako miongoni mwenu wasemao kwamba mikono iliyozoea jembe haiwezi kalamu. Wengine huona haya herufi zinapoanguka na vijana wakacheka. Fikirini habari hii kabla hamjakiacha kiti chenu darasani.

Maswali ya kujibu pamoja:

1. Kazi ya matofali ilimfaa nini Bwana Rice?
2. Kwa nini mdakaji hujifunza kitabu?
3. Alikosea nini, au hakukosea, aliporudi Desemba 1997? Jadilianeni.
4. Maili moja ni yadi 1,760. Yadi 22,895 ni maili ngapi, na yadi ngapi zinabaki?