Mutu asiyelala usiku, tumupe majani gani?

Leo tuongee maneno ya usingizi. Siku ya kliniki ya wazee, unakuja kwetu na kuuliza: "Mama, usiku silali. Niko na majani fulani nyumbani. Ni mazuri?" Basi, uketi kidogo, tusikilizane.

Tuanze na sitroneli, ile majani marefu yenye kunuka sawa ndimu. Unayachemusha na kunywa kikombe mbele ya kulala. Ni chai nzuri, haina ubaya. Lakini tuseme kweli: katika mwaka 1986 watu wa elimu wa Brazil walitangaza majaribio yao. Wamoja walikunywa chai hiyo, wengine kinywaji kisicho na dawa, na usingizi wao ulikuwa sawasawa. Mimi mwenyewe ninaikunywa kila jioni. Inanisaidia kwa sababu inachukua nafasi ya kahawa. Nguvu ya kahawa inataka saa 5 hivi ili nusu yake itoke mwilini. Ukikunywa saa 11 ya jioni, saa 4 ya usiku nusu ingali inafanya kazi. Makasu nayo iko na nguvu ile ile. Na lotoko? Inakulalisha mbio, kisha kati ya usiku inakuamusha na kiu, moyo unapigapiga.

Majani ya marakuja, muyaache. Wazungu wanafanya dawa ya usingizi na muti wa jamaa moja nao, si huu wa matunda yetu. Majani ya huu wetu yana sumu kama ile ya muhogo mukali. Kula matunda tu.

Na yule aliyefiwa, ao aliyekimbia vita? Kwake jani halifiki mbali. Mukae naye, aongee.

Sasa neno kubwa. Kuna muti mudogo wa porini, wenye maziwa, na majani yanatoka matatu ao mane pamoja, na matunda madogo mekundu. Kwa kitabu unaitwa Rauwolfia. Wazee wanatumia ganda la muzizi wake kwa kutuliza mutu wa wazimu, na si uongo, nguvu iko. Viwanda vya Ulaya vilinunua mizizi hiyo kutoka Kongo. Katika 1952 watu wa elimu wa Uswisi walitoa rezerpini, dawa ya kushusha tansio, ndani ya muti wa jamaa yake unaoota India. Lakini nyumbani, nani anapima muzizi? Mumoja ni mukali, mwingine muzaifu. Tansio inashuka, mutu akisimama anaanguka. Moyo unaenda polepole. Huzuni inaweza kumushika mpaka atamani kufa. Na kama anakunywa vidonge vya tansio tayari, hatari ni mara mbili.

Nitakuelezea jambo moja, na kosa la kwanza lilikuwa langu. Baba mumoja, mwenye kuvua samaki mutoni, alikuja na bibi yake. "Silali," alisema. Nilimuuliza juu ya kahawa, makasu, pombe. Nikamwambia aache kahawa, nikafurahi kwamba nimefundisha vizuri. Sikuuliza juu ya mchana. Nyumbani aliendelea kutembeatembea usiku, akagombana na majirani, yeye aliyekuwa mupole. Jamaa wakasema ni wazimu, wakamupa ule muzizi miezi mitatu. Alipolala mchana walifikiri dawa inafanya kazi. Walimurudisha kwetu juu ya kinga, amekonda, anasinzia na tonge mukononi. Mwanafunzi mumoja, si mimi, alipapasa nyuma ya shingo yake akakuta uvimbe mudogomudogo. Tukapima damu, kisha maji ya mugongo. Ilikuwa ugonjwa wa malale. Alitibiwa kwa maji ya dawa ndani ya mushipa, akapona. Lakini hata sasa anasahau majina ya watoto wake.

Kwa hiyo, mbele ya kutafuta jani lolote, jiulize: mutu huyu, mchana anakuwa namna gani? Kama hatulii usiku na anasinzia mchana, kama ana homa yenye kuja na kurudi, kichwa kinauma, ngozi inawasha, tabia imegeuka, asiongezewe siku. Hasa kama anafanya kazi karibu na muto, mahali inzi tsetse inauma mchana. Tunatoa tone la damu kwa kidole, ndiyo mwanzo. Tangu 2018 wagonjwa wapya wa malale ya Afrika ya kati na magaribi walioandikwa ni chini ya 1,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Kongo. Tunamushukuru Mungu, lakini ndiyo sababu waganga vijana wengi hawajauona hata mara moja, na wanausahau. Na dawa imegeuka: wagonjwa wengi wanapata vidonge vya feksinidazoli, siku 10, pamoja na chakula. Asiyekula, dawa haiingii vizuri, basi wali uwe tayari. Yule ambaye ugonjwa umeingia sana kichwani angali anahitaji maji ya mushipa.

Na kama umekwisha kunywa muzizi, usifiche. Uje nao ndani ya mufuko. Hatutakukaripia. Tunataka kuuona na kupima tansio yako mbele ya kukupa kidonge chochote.