Kazi ya Kumsikiliza Mtu Mzima

Leo nimeombwa niwaeleze kazi yangu ya ushauri nasaha kwa watu wazima: niliingiaje humo, na mtu akija kwangu tunafanya nini. Nimekubali upesi kwa sababu mara nyingi mtu huniuliza akiwa bado mlangoni, "Sasa wewe utaniambia nini ambacho mama yangu hajaniambia?" Swali hilo ni zuri. Jibu langu ni kwamba huenda nisikuambie lolote.

Mimi nilianza nikiwa muuguzi. Mwaka 1998 nilikuwa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya wilaya. Tarehe 7 Agosti bomu likalipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakaumia, wengi kwa vipande vya vioo. Majuma yaliyofuata nikawa nasikia redioni maneno "ushauri nasaha" yakitajwa kila mara. Kabla ya hapo, kwangu mimi kidonda kilikuwa kile ninachoweza kukifunga bendeji. Novemba 1999 serikali ikatangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na baadaye vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, vile vya VCT, vikaanza kufunguliwa. Nikapelekwa mafunzo ya wiki chache, nikapewa chumba chenye meza na viti viwili, nikaanza kazi.

Humo ndimo nilimofanya kosa ambalo hadi leo huniamsha usiku.

Mama mmoja wa watoto watatu (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alipata majibu kwamba ana virusi. Siku hizo dawa za kupunguza makali hazikuwa bure. Zilikuja kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sijui baba watoto atalipokeaje jambo hili." Mimi, kwa wema wangu wote, nikamwambia aende jioni hiyo hiyo akamweleze ukweli. Nikamtajia faida zote kama nilivyofunzwa. Akaitikia, "Ndiyo, daktari." Mimi si daktari, lakini nilifurahi kuitwa hivyo. Usiku ule alipigwa, akafukuzwa pamoja na watoto. Nilipata habari siku nne baadaye, alipoletwa wodini mkono umevunjika.

Nikiyakumbuka maneno yake, naona alikuwa ameniambia kila kitu. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa naye kwa dakika ishirini. Sikumuuliza kama mume wake ameshawahi kumpiga. Sikumuuliza angelala wapi mambo yakiharibika. Nilikuwa na haraka ya kushauri.

Mwaka 2004 nilirudi darasani, jioni na wikendi, nikasomea stashahada ya ushauri nasaha. Huko tulifundishwa kazi ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki 1987. Kwa ufupi wangu mwenyewe, alisema kwamba mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa, na msikilizaji wake akiwa mkweli, huanza kuiona njia yake mwenyewe. Mimi nilipinga. Nikasema hayo ni ya Wazungu wenye muda. Kwetu mtu akileta shida hutarajia mkubwa amwambie la kufanya. Mwalimu wetu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari ya yule mama, akaniuliza taratibu, "Na wewe hukumwambia la kufanya?" Sikuwa na la kujibu.

Msikilizaji, mtu mzima anapofika kwangu huwa ameshashauriwa na wazazi, na mchungaji au imamu, na majirani, pengine hata na makanga wa matatu. Anachokosa ni mahali pa kulisema jambo lake lote, hadi mwisho, bila kukatizwa. Kwa hiyo siku ya kwanza naongea kidogo. Nauliza angependa nimwite nani. Namweleza kwamba maneno yake ni siri, ila nikiona maisha yake au ya mtu mwingine yamo hatarini, au kuna mtoto anayedhulumiwa, nitalazimika kuhusisha wengine, na yeye atakuwa wa kwanza kujua. Kisha nauliza, "Ni nini kimekuleta leo, si mwezi uliopita?" Hapo ndipo mambo huanza kutoka. Tunaketi kama dakika hamsini. Akinyamaza, nami nanyamaza. Hilo lilinichukua miaka kujifunza.

Mwaka 2011 aliletwa mzee wa miaka 63, dereva mstaafu, aliyekuwa halali usingizi tangu aache kazi. Aliniangalia, akasema, "Binti yangu, wewe ni rika la kifungua mimba wangu." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Kwa hivyo sitakufundisha maisha. Nieleze tu usiku wako unakuwaje." Siku mbili za kwanza alizungumzia malori na barabara ya Malaba. Nilimwacha. Siku ya tatu akasema familia yake ingepumzika kama yeye hayupo. Nikamuuliza waziwazi, "Mzee, unafikiria kujiua?" Watu huogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi, mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akasema ndiyo, na kwamba hakumwambia mtu kwa kuogopa polisi. Hofu yake haikuwa bure, kwa maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba.

Hapo sikukaa kimya tena. Tulimpigia binti yake simu pamoja, mzee akisikia kila neno, na siku hiyo hiyo tukaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Alitumia dawa karibu mwaka mzima huku tukiendelea kuzungumza. Mshauri haandiki dawa, na mshauri anayekuambia uache zile ulizopewa na daktari, muage.

Tangu mwaka 2014 tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia inayotaka tusajiliwe. Uliza kama mtu amesajiliwa, alisomea wapi, na anatoza pesa ngapi kabla hujaketi. Mimi sikasiriki nikiulizwa.

Kama unapanga kuja, kwangu au kwa mwenzangu, huhitaji kuyapanga maneno. Wengi huanza na hali ya hewa. Lakini kama wewe au mtu wako anafikiria kujiua, usingoje miadi: mweleze mtu unayemwamini sasa hivi, mwende pamoja hospitali iliyo karibu.