Kole ya zamani itoke kwanza

Mazungumzo ya kikundi cha useremala mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba

Mwenyekiti ametupatia dakika chache tujibu ulizo moja ambalo limerudi mara mingi: juu ya nini kiti kimoja kikae katika atelie siku 3, wakati fundi wa barabarani anakitengeneza kwa nusu saa?

Jibu ni kole.

Viti vyetu vya mbao munavijua. Tunavikodisha kwa harusi na matanga, na ile faranga njo inaingia katika sanduku la msaada, mwanamemba akifiwa ao akilaza mtoto hospitali. Hivi karibuni, kwenye matanga, mama mmoja mzee alianguka na kiti mbele ya watu. Hakuumia sana, Mungu asifiwe, lakini kuna waliosema kwamba wao sasa watakodi viti vya plastiki kwingine. Kile kiti tulikifungua. Ndani ya tundu tulikuta kole ya mafundi wa kupita, moja juu ya ingine, matabaka 3, pamoja na misumari 4. Kole ilikuwa mingi kabisa, lakini hata moja haikushika mbao.

Sababu ni hii. Kole nyeupe, ile ya kibidoni, inashika kwa kuingia ndani ya vitundu vidogo vya mbao. Ikikauka, inaviziba. Kole mpya ikikuta ile ya zamani, haina pa kuingia. Inalala juu yake kama rangi juu ya plastiki. Siku ya kwanza kiti kinaonekana kigumu. Kisha kinaanza kulia kila mtu akikaa, na anayekaa anasema ni uzito wake.

Kwa hiyo kwanza tunaangalia ni kole gani iko ndani. Tunaweka kitambaa chenye maji ya moto, tunangoja kidogo. Kole nyeupe inalegea na kurudi kuwa kama maziwa yaliyoganda. Makabati ya wazee yako na kole ya rangi ya kahawia, inavunjika kama kioo. Ile ilipikwa na ngozi na mifupa ya wanyama, na ikipata maji ya moto inanata vidole na kunuka. Hiyo peke yake inakubali kole mpya ya aina yake juu yake, lakini huku kwetu hatuipati, basi nayo tunaitosha yote. Kole ya viatu inavutika kama mpira; ukisugua kwa kidole inatoka vidonge vidonge. Tafazali, musiioshe kwa esanse karibu na mbabula! Na ile ya tubu 2 zinazochanganywa haisikii maji hata kidogo. Ile ni kukwangua tu, polepole.

Kwa kole nyeupe, ambayo njo tunakuta kila siku, tunatumia siki ya kupashwa moto. Misumari inatoka mbele, kisha tunaandika namba kwa kalamu kwenye kila mguu na kila tundu, maana hata viti vilivyotengenezwa siku moja miguu yao haibadilishani. Tunagonga juu ya kipande cha mbao, si juu ya kiti chenyewe. Tunafunga kitambaa cha siki kwenye ulimi, yaani ile ncha inayoingia katika tundu, tunaacha ilegee, tunakwangua. (Waliojifunza kazi kule Nyarugusu wanasema patasi na msasa, waliobaki huku wanasema sizo na papie-vere. Wasigombane, chombo ni kimoja.) Ndani ya tundu tunasugua kwa mswaki wa zamani. Tusitumie brashi ya chuma: siki ikikutana na chuma, kuna mbao zinaingia madoa meusi yasiyotoka.

Hapa vijana wanapenda kuharakisha. Wanachukua msasa na kusugua mpaka ulimi unang'aa, lakini umekuwa mwembamba na unacheza katika tundu. Kole nyeupe haijazi nafasi. Tunatosha kole, hatutoshi mbao. Kama ulimi ulikwisha kupungua, tunaubandika kipande chembamba cha mbao, si unga wa mbao uliokorogwa na kole, ule haubebi mtu.

Kisha tunapangusa kwa maji safi na kuacha ikauke usiku mzima. Asubuhi tunadondosha tone la maji. Likinywewa na mbao, kazi imekwisha. Likisimama kama umande juu ya jani la ndizi, kole iko bado. Njo hapo tu kole mpya inapakwa, tunafunga kwa mpira wa baiskeli, tunasokota na kijiti, na hakuna kukikalia mpaka masaa 24 yapite.

Wafadhili walitupatia kole, na tunashukuru kwa moyo wote. Lakini kole haipungukii atelie. Inapungukiwa siki, makaa, mipira ya baiskeli, na zaidi ya yote malipo ya ile siku ya kukwangua. Leo kijana analipwa kwa kiti kilichokwisha. Akikwangua, anatengeneza viti vichache na anarudi nyumbani na faranga kidogo kuliko mwenzake aliyepaka juu juu. Unamwambiaje?

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali jambo moja. Malipo yagawanywe mara 2: nusu ya kwanza kiti kikiwa kimefunguliwa na mzee wa atelie ameona tone la maji limenywewa; nusu ya pili kikiwa kimefungwa na kusimama sawa juu ya sima. Bei ya kutengeneza itapanda, hatufichi. Mweka sanduku anasema itakula katika pesa za kukodisha kwa miezi ya kwanza, na wako wanamemba wanaongojea zile pesa. Tunajua majina yao, tunakaa nao. Lakini viti vyenyewe visipokodiwa, sanduku halitapata kitu.

Viti vilivyobaki tutaanza kuvifungua alhamisi asubuhi. Mwenye mpira wa baiskeli uliokufa asiutupe, auletee atelie.