Mafuriko Huua Mara Mbili

(Maneno tuliyowaambia majirani zetu wa Budalang'i, kwenye mkutano wa kujitayarisha kwa mvua za masika)

  Hatukuja kuwafundisha habari za mto Nzoia. Mmezaliwa kando yake, mnaujua. Tumekuja kuwaambia kosa letu sisi wenyewe, ili lisirudiwe.

Mto huu unatoka mbali, huko milima ya Cherangani na Elgon. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka hapa kwetu mchana kutwa, halafu usiku maji yakatukuta kitandani. Tulifurika mwaka 2003, tukafurika 2007, 2011, na tena 2020. Kila mara tunasema, "Serikali itengeneze tuta." Ni kweli, hiyo ni kazi ya serikali, na tusichoke kudai. Lakini kuna kazi ambayo hata tuta likiwa zuri namna gani, haiwezi kutufanyia.

Mwaka 2020 tulihama mapema. Kwetu hakuna aliyezama hata mmoja, tukamshukuru Mungu. Maji yalipopungua tulirudi mbio, maana maisha ya kambi tulikuwa tumeyachoka. Kisima chetu kilionekana safi. Tukateka, tukanywa. Kumbe choo cha jirani kilikuwa kimefurika, na uchafu wote ukaingia humo. Haikupita wiki moja watoto wakaanza kuhara. Tuliwazika wawili.

Wa kulaumiwa ni nani? Si mto. Choo kile tulikichimba sisi, hatua kumi tu kutoka kisimani, tena upande wa juu. Kila mtu alikiona, na hakuna aliyesema neno. Tangu siku hiyo tunasema mafuriko huua mara mbili: mara ya kwanza kwa maji yanayokuja, mara ya pili kwa maji tunayokunywa. Hiyo ya pili iko mikononi mwetu.

Basi tulifanya nini?

Kwanza, choo na kisima. Tulipima upya. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, yaani kama hatua 40 za mtu mzima, na kiwe upande wa chini. Shimo lisichimbwe mpaka kufikia maji. Sakafu ya choo tuliiinua juu ya kifusi, na mdomo wa kisima tukaujenga juu kwa mawe na saruji, ukawa na mfuniko.

Pili, nyumba. Nyumba ya udongo mara nyingi haiangushwi na nguvu ya maji. Inalainika miguuni. Udongo wa chini unanyonya maji, ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Kwa hiyo tunainua sakafu kwa mawe na maramu iliyoshindiliwa, na sehemu ya chini ya ukuta tunaijenga kwa mawe au matofali ya kuchoma. Upenu tunaurefusha ili mvua isipige ukuta. Tunachimba mtaro kuzunguka nyumba. Asiye na pesa aanze na mtaro, maana unataka jembe tu.

Kazi hii tunaifanya kwa zamu, kila Jumamosi boma moja. Tulianza na wajane na wazee. Wengine walinung'unika, lakini zamu yao ilipofika walifurahi.

Tatu, siku ya kuhama. Kila nyumba ichague mapema mahali pa juu pa kukimbilia. Kitambulisho, kadi za kliniki na dawa za mgonjwa ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Chandarua kisisahauliwe. Tusivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini. Yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Nne, siku ya kurudi. Hapa ndipo sisi tuliposhindwa, kwa hiyo sikieni vizuri. Tusilale ndani ya nyumba yenye ukuta uliolowa au wenye nyufa. Kisima kisiguswe mpaka maji yote yatolewe, kisuguliwe, kitiwe klorini, na afisa wa afya akubali. Kwa wakati huo tuchemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, au tutie dawa ya maji. Madimbwi karibu na nyumba yafukiwe, maana mbu huchukua kama wiki moja au mbili tu kukua kutoka yai.

Mtoto akiharisha, usingoje. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Mpe kidogo kidogo, aliye kwenye titi aendelee kunyonya, huku mkielekea zahanati. Maji haya hayaui ugonjwa, lakini yanamrudishia mtoto maji aliyopoteza. Sisi tulilijua hilo tumechelewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga makaburi.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, kila mmoja wetu ahesabu hatua kutoka choo chake mpaka kisima anachotumia, chake au cha jirani. Jumamosi ijayo tuleteeni hesabu hizo. Mwenye hatua chache kuliko wote ndiye tutakayeanza naye, na majembe tutakuja nayo.