HESABU KABLA YA KOMPYUTA
Hotuba ya mwalimu wa sekondari katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kwenye makazi yetu hapa Uganda



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo ambalo vijana wetu wanaliulizia kila siku, yaani kusoma chuo kikuu masomo ya akili bandia na kujifunza kwa mashine. Nimekubali kwa furaha, na pia kwa wasiwasi. Wako watu wanaopita wakiwauzia vijana vyeti vya wiki sita na kuwaahidi kwamba wakimaliza watakuwa wataalamu. Mzazi anauza mbuzi, kijana anapata karatasi yenye muhuri, na chuo kikuu hakiitambui karatasi hiyo. Kwa hiyo leo tuelezane ukweli.

Ndugu zangu, kwanza tujue jambo lenyewe. Kwa kawaida kompyuta hufuata amri ilizoandikiwa, moja baada ya nyingine. Katika kujifunza kwa mashine, kompyuta hupewa mifano mingi pamoja na majibu yake, kisha yenyewe hutafuta kanuni inayounganisha mfano na jibu. Jambo hili si la jana. Mwaka 1959 Arthur Samuel, mtaalamu wa kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza jinsi mashine ilivyojifunza kucheza dama, mchezo uleule mnaocheza kwa vizibo vya soda. Alionyesha kwamba mashine inaweza kujifunza hata ikacheza vizuri kuliko mtu aliyeiandikia programu.

Nitatoa mfano wa karibu zaidi, wa muhogo. Nyote mnaijua batobato, jinsi jani linavyojikunja na kutoka mabaka ya manjano. Mnaijua na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha muhogo ardhini huku shamba kwa juu likionekana lina afya. Hapahapa Uganda zilikusanywa picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao, wakishirikiana na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, waliandika kwa kila picha kama jani ni zima au lina ugonjwa gani kati ya magonjwa manne. Mwaka 2020 picha hizo zilitolewa kwa mashindano ya wataalamu wa dunia nzima. Angalieni basi: kazi ya dunia nzima ilianzia kwa mkulima aliyeinama shambani kwake na simu mkononi.

Sasa mwanafunzi wa chuo kikuu anasoma nini hapo? Kwa kompyuta, picha ni majedwali matatu ya namba, moja la wekundu, moja la kijani na moja la buluu. Kuzidisha majedwali hayo kunaitwa hesabu ya matriksi. Mashine inakisia jibu, inalinganisha na jibu la mtaalamu, kisha inapima imekosea kiasi gani. Ili kujua irekebishe namba zake upande gani na kwa kiasi gani, inatumia kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko na miteremko. Na kwa kuwa haina uhakika kamili, inatoa jibu kwa hesabu ya uwezekano. Hayo matatu ndiyo nguzo. Lugha za kuandikia programu huja juu yake, kama bati juu ya kuta.

Tena kuna somo la uaminifu. Mashine haipimwi kwa picha ilizojifunzia, kama vile mwalimu mwema asivyotunga mtihani kwa maswali yaleyale ya ubaoni. Na kama majani yote yenye ugonjwa yamepigwa picha kivulini, mashine inaweza kujifunza kutambua kivuli badala ya ugonjwa. Anayelifahamu shamba ndiye atakayeliona kosa hilo mapema. Ndiyo maana nasema watoto wetu wanahitajika huko. Mashine hujifunza kwa mifano iliyopewa. Lugha zetu, kama Kibembe na Kifuliiru, hazina maandishi mengi ya kuifundishia, na hakuna mgeni atakayetuandikia.

Hapa, wazazi wangu, ndipo penye shida. Hesabu ni lazima hadi kidato cha nne. Baada ya hapo kijana huchagua mchepuo wa kidato cha tano, na wengi wanaikimbia Hesabu, hasa mabinti, kwa kuwa mtu amewaambia si somo la kike. Siku ile ile wanapojaza fomu, mlango wa masomo haya unajifunga bila kelele. Miaka miwili baadaye wanakuja kwangu kuuliza habari za chuo kikuu, nami sina la kuwajibu.

Shida ya pili ni vyeti. Waliosoma Kongo na kupata Diploma ya Serikali wanatakiwa kuipeleka kwa baraza la mitihani la Uganda, UNEB, ilinganishwe na vyeti vya hapa. Wengine walivikimbia vyeti vyao pamoja na nyumba. Kazi hiyo ianze mapema, si wiki ya kufunga maombi ya chuo.

Shida ya tatu ni karo. Mfuko wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Serikali ya Ujerumani, una jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933. Lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Mwaka 2019, kati ya vijana wakimbizi 100 duniani, ni 3 tu waliokuwa katika elimu ya juu, na lengo lililowekwa ni wafike 15 ifikapo mwaka 2030. Nafasi chache humwendea mwenye alama.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kamati itupatie chumba chenye taa jioni kwa masomo ya ziada ya Hesabu, wavulana na wasichana. Ndugu zetu wa mashirika, mnapotuletea kompyuta, tunashukuru sana. Tunaomba pamoja nazo walimu wa Hesabu, vitabu, na msaada wa kulinganisha vyeti. Wazazi, msimwondolee binti daftari la Hesabu ili akachote maji huku kaka yake akisoma. Maji wayachote wote wawili.

Nanyi vijana, siwaahidi kazi wala safari. Nawaahidi jambo moja: atakayekuja na daftari na kalamu, nitamfundisha matriksi hata kama umeme umekatika, kwa kuwa ubao hauhitaji umeme.

Haba na haba hujaza kibaba.