Askofu Aliyekataa Kuondoka
Maneno ya katekista mbele ya Wakristo na waalimu, siku ya Yubilei



Ndugu Wakristo, nanyi waalimu wenzangu, leo twawataja kwa shukrani wamisionari waliotuletea dini. Mimi napenda kumtaja mmoja ambaye hakukaa kwetu, ila watu wa shirika lake ndio waliofika Musoma mwaka 1946. Ni Askofu James Walsh, Mmarekani, aliyekuwa mkuu wa Maryknoll tangu 1936 hata mwaka huo huo.

Mwaka 1948 alirudi China, nchi aliyoiingia kwanza mwaka 1918, angali padri kijana. Mwaka 1949 Wakomunisti wakashika serikali, wakaanza kuwafunga na kuwafukuza wamisionari. Mwenzake wa safari ile ya kwanza, Askofu Francis Ford, akafa gerezani Guangzhou mwaka 1952. Walsh aliyajua hayo, wala hakutaka kuondoka kwa hiari yake. Wenye nguvu na wamtoe wao. Akakamatwa Shanghai mwezi Oktoba 1958, na Machi 1960 akahukumiwa miaka 20, eti ni mpelelezi.

Lakini, ndugu zangu, msimtazame mgeni peke yake. Askofu wa Shanghai alikuwa Mchina, Ignatius Kung. Huyu alitangulia kukamatwa, usiku wa Septemba 8, 1955, pamoja na mapadri na waumini wengi. Hata Legio ya Maria, ambayo wengi wenu mmo ndani yake, serikali ile iliihesabu kuwa adui wa nchi. Kung alihukumiwa mwezi ule ule wa Machi 1960, naye akapewa kifungo cha maisha.

Mgeni alikuwa na taifa la kumwulizia. Ndugu yake Walsh alipewa ruhusa kutoka Marekani kwenda kumwona gerezani. Mwenyeji hana balozi katika nchi yake mwenyewe. Neno hili halimpunguzii Walsh sifa hata kidogo. Nadhani alilijua, ndiyo maana hakuweza kuwaacha. Ila sisi twapenda mno kusimulia habari za mapadri wa ng'ambo, na makatekista waliofungwa pamoja nao twawapitia kwa mstari mmoja tu.

Julai 1970 Walsh alifunguliwa ghafula, akavuka kwa miguu daraja la mpakani, akaingia Hong Kong, mzee wa miaka 79. Kung akabaki gerezani miaka 15 tena.