POLIO: TUSILALE MLANGO WAZI



Leo tuzungumzie ugonjwa ambao vijana wengi wa Moshi hawajapata kuuona: polio. Mgonjwa wa mwisho aliyepooza kwa virusi vya asili vya polio vilivyokuwa hapa nchini alipatikana mwaka 1996. Mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani nayo ikathibitishwa. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini furaha ile imezaa uzembe. Sasa mzazi akiambiwa habari za polio hujibu, "Hayo yalikuwa zamani."

Wazee wa Kibosho, Marangu na Rombo wanaijua hiyo zamani. Mtoto alilala na homa iliyodhaniwa malaria, baada ya siku chache mguu ukalegea kama kitambaa, na majirani wakaanza kutafuta mchawi. Mchawi hakuwepo. Kulikuwa na kirusi.

Kirusi hicho huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono yenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Huzaliana katika utumbo, na safari nyingine huvamia mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Sisi wa mlimani tulielewe hili upesi, maana mifereji yetu hupita kihamba hadi kihamba. Anachomwaga wa juu, wa chini hukichota.

Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa. Wachache hupata homa, kuumwa kichwa, kutapika na shingo kukakamaa. Kwa wastani, mmoja kati ya 200 hupooza moja kwa moja. Kati ya kila 100 wanaopooza, 5 hadi 10 hufa, misuli ya kupumua inapogoma. Na aliyenusurika anaweza, miaka 15 au 40 baadaye, kuanza tena kuishiwa nguvu. Pale KCMC kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, kilichoanzishwa mwaka 1981. Fundi anaweza kutengeneza chuma cha kuushikilia mguu uliopooza. Kuurudishia uhai wake hawezi, wala daktari hawezi.

Sasa fanyeni hesabu. Tukimwona mtoto mmoja kalemaa kwa polio, huenda 200 wamekwisha kuambukizwa, nao wanacheza na wenzao.

Nani alisema ugonjwa hausafiri? Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mjini Lilongwe amepooza kwa kirusi kilichofanana na kile cha Pakistan. Mwaka 2023 mkoa wetu wa Rukwa nao ukapata mgonjwa. Huyu alipata kirusi kilichotokana na matone ya chanjo. Wapo wanaolitumia jambo hilo kuipinga chanjo. Ukweli ni kwamba kirusi kilichodhoofishwa hupata nafasi ya kuzunguka muda mrefu na kurudisha ukali pale tu ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Dawa yake ni kuchanja zaidi.

Na sisi Kilimanjaro tuna Holili na Tarakea mpakani, tuna watalii, na kila Desemba magari hupanda mlima yamejaa watoto kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Mtoto anaachwa kwa bibi, kadi ya kliniki inabaki mjini kabatini, na chanjo inakatika katikati. Bibi wa watu atajuaje?

Mtoto apewe matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio kadiri kliniki itakavyoelekeza. Akipelekwa kwa bibi, kadi iende naye. Choo kijengwe mbali na mfereji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani kinyesi chake kinapaswa kuchukuliwa na kupimwa mapema, ndani ya siku 14.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zangu, atajengewa mtoto asiyeweza kuomba kadi yake.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo.